Kampi ya sanaa likizo ya Agosti, mtoto analala huko siku 12. Niulize nini kabla sijatuma pesa?

MamaWaUmoja (mwenye uzi)

Wazazi habari za jioni. Binti yangu ana miaka 13, dansi na maigizo ndio maisha yake, sasa ticha wake wa drama ametuma kwa grupu bango la kampi ya sanaa upande wa Limuru, siku 12 na wanalala huko huko. Kuna dansi, ngoma, kuchora, kupiga filamu, siku ya mwisho wanafanya shoo wazazi tukialikwa. Wanaiita "samakampi" utadhani Limuru Agosti kuna joto, lakini hiyo tuiache.

Kilichonisimamisha ni fomu. Inataka saizi ya tishati, inataka namba ya malipo ya M-Pesa, aleji zimepewa kalaini kamoja kadogo, lakini hakuna mahali imesema nani analala na hawa watoto usiku. Nikapiga simu nikaulizia mambo ya usalama nikajibiwa "mama usiwe na wasi, tuko na askari getini na ukuta una waya ya stima". Nikasema asante nikakata, halafu nikabaki nimekaa na simu mkononi, maana nahisi sikujibiwa lakini pia sikujua nilitaka kuuliza nini. Binti ameshalia mara mbili akidhani nitakataa. Baba yake anasema niamue mimi, yaani kukiharibika ni mimi. Wenye mmewahi kupeleka ama kufanya kazi huko, niulize nini hasa?

Baba_Wawili

Mpeleke tu mama. Sisi tulipelekwa bodingi darasa la nne na sanduku la bati na hatukufa.

Kalamu_Kavu

@Baba_Wawili wewe hukufa. Shule ya Kyanguli kule Machakos 2001 moto uliua vijana 67 ndani ya bweni, Moi Girls hapa Nairobi 2017 wasichana 10, Endarasha Nyeri 2024 watoto 21. Hiyo "hatukufa" husemwa na waliobaki.

Baba_Wawili

Sawa, hapo umenipata. Naondoa kauli.

MatroniWaZamu

Mama Umoja karibu kiti, hii ni ndefu.

Nimefanya zamu ya usiku kwa kampi za likizo mara tano, za sanaa na za kanisa. Askari wa geti na waya ya stima ni ya mwizi wa nje. Mimi kwa hizo likizo zote tano sijawahi kuona mtu ameruka ukuta. Nilichoona kilikuwa ndani ya ukuta, na kilikuwa na kadi ya jina shingoni.

Kwa hivyo usiulize "usalama uko aje", hilo swali lina jibu moja tu, utaambiwa uko sawa. Omba ratiba. Ile ya kweli, ya saa kwa saa, sio ile ya kwa bango yenye picha ya ngoma. Ukiipata usisome yenye imeandikwa, soma penye hakuna kitu. Utakuta mazoezi yanaisha saa 3 usiku na taa zinazimwa saa 4. Hiyo lisaa ni ya nani? Watoto 60 wanaoga wapi, nani amesimama korido, nani anajua huyu bado hajatoka ukumbini? Saa 11 jioni mpaka sapa pia, hapo watu wazima wote wamechoka wako nyuma ya jikoni wanakunywa chai, na watoto wako kila mahali. Halafu siku mbili za mwisho kabla ya shoo, hapo ratiba hufa kabisa, mazoezi yanaenda mpaka saa 5 usiku, watoto wanabadilisha kostyumu nyuma ya pazia na kila mtu anakimbia. Shida yoyote ikitaka kuingia itaingia hizo siku mbili.

Niwape kisa kimoja. Kampi siitaji na mwaka siutaji. Kulikuwa na ticha wa kibodi, mtu mpole, watoto wanampenda, mimi mwenyewe nilimpenda. Akawa anafundisha mtoto mmoja masomo ya ziada baada ya sapa, ndani ya stoo ya vyombo, eti kijana ana kipaji cha ajabu na kweli alikuwa nacho. Mlango wanafunga sababu ya kelele. Usiku wa tatu nikagonga nikasema ticha, fundisha lakini mlango ukae wazi. Alikasirika sana, kesho yake nikaitwa kwa mkurugenzi nikaambiwa nawaharibia watu mazingira ya kazi. Likizo iliyofuata sikuitwa tena.

Mnataka kujua kama kulikuwa na kitu? Sijui. Mpaka leo sijui, na hakuna mwingine angejua, maana ni watu wawili na mlango. Na pengine yule ticha alikuwa msafi kama maji ya chupa na mimi ndio nilimwaibisha bure. Ndio maana nasema mlango wazi ni wa kumlinda mtoto na ticha wote wawili. Kampi yenye inajielewa ina sheria imeandikwa kwamba mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali hapaonekani, hata dakika kumi, hata awe ni mkurugenzi mwenyewe. Uliza hiyo. Ukisikia "aa, sisi ni kama familia hapa" shika hapo hapo uulize tena.

Mzee_wa_Kijiweni

Mtaua sanaa nyinyi. Ngoma inafundishwa kwa mkono, sijui mnataka watoto wafundishwe kwa barua?

MguuNaKiuno

Mzee wangu shikamoo, mimi nafundisha dansi na nakubaliana na matroni, kwa hivyo nijibu kwa upande wa kazi.

Kweli dansi huwezi fundisha bila kugusa. Mtoto ameinua bega, nyonga imeenda kando, lazima urekebishe. Lakini kuna vile inafanywa. Kwanza unaonyesha kwa mwili wako. Asipopata unamuuliza mbele ya wote, "naweza kugusa bega lako?" na akisema hapana unamwambia aweke mkono wake mwenyewe hapo. Nimefanya hivyo miaka, hakuna mguu umeharibika. Na kuna faida watu hawaioni, mtoto akizoea kuulizwa, siku mtu mwingine atamshika bila kuuliza atashtuka. Asiyezoea kuulizwa atadhani ndio masomo.

Kupima kostyumu ni vivyo hivyo, juu ya nguo, watu wazima wawili, mahali kuna watu. Sio "ingia kwa hiki chumba nikupime".

Lakini acha nigusie kitu hakuna mtu huuliza na kinaniuma. Mazoezi ya drama. Kuna hawa wafundishaji wamesoma kidogo mambo ya kutoa hisia, wanakalisha watoto kwenye duara usiku na mshumaa katikati, wanasema kila mtu aseme kitu kibaya kabisa kimewahi kumpata, tutengeneze igizo. Mtoto wa miaka 12 anafungua mambo ya kwao nyumbani mbele ya watoto 20 asiowajua, analia, anapigiwa makofi eti ni jasiri, halafu saa 4 taa zinazimwa na analala na hicho kitu pekee yake. Asubuhi kila mtu anajua siri yake. Hiyo mimi naiita kumjeruhi mtoto hata kama hakuna aliyemgusa. Uliza kama kuna mshauri nasaha hapo kampini, na kama hayuko basi wacheze hadithi za fisi na sungura, nazo zina drama ya kutosha.

MamaWaUmoja

Hiyo ya duara imenigonga. Wangu ni wa kusema kila kitu akipewa nafasi. Endeleeni, naandika kwa daftari.

Wakili_Bila_Tai

Kwa upande wa karatasi, haraka haraka.

Uliza kama wafanyakazi wote wana gudi kondakti (cheti cha tabia njema), ile ya DCI, idara ya upelelezi, inaombwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, shilingi 1,050 na alama za vidole. Wote maana yake mpaka mpishi, dereva, mpiga picha, na wale vijana wa kujitolea. Lakini msiilalie masikio. Hiyo karatasi inasema tu kwamba polisi hawana rekodi yake, na hawa watu wengi hawana rekodi kwa sababu kila mahali wameondoka polepole bila mtu kuripoti, "tusiharibu jina". Waalimu wa shule angalau wako kwa sajili ya TSC, tume ya waalimu, na kuna majina hutolewa ya waliofutwa. Wapiga ngoma na wachoraji hawako kwa sajili kama hiyo. Kwa hivyo swali la maana ni hili: mlipiga simu mahali alifanya kazi mwisho? na mkauliza, ungemrudisha akae na watoto?

Pili, Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Kwa hivyo yule "msaidizi" wa miaka 17 naye ni mtoto, halafu yule wa 19 ni mtu mzima hata kama mwaka juzi alikuwa anakuja kampi kama mwanafunzi. Huyu wa 19 ndiye hupewa kitanda kwa domu (bweni) ya watoto kwa sababu ni wa bei rahisi. Uliza analala wapi.

Tatu, uliza wakipata malalamiko wanafanya nini. Jibu unalotaka ni kwamba wanamtoa mhusika karibu na watoto, wanapigia mzazi, wanaripoti kwa afisa wa watoto au polisi. Jibu la kuogopa ni "tunaketi tunaongea". Makosa ya kingono chini ya sheria ya 2006 hayaketiwi. Na ikiwa Mungu apishie mbali kuna mtoto amedhulumiwa, asioshwe, nguo zisifuliwe, aende hospitali saa hiyo hiyo, dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72. Kampi ikichukua siku tatu kufanya vikao, hizo saa zimeisha. Namba ya watoto ni 116, haina malipo na inashikwa usiku na mchana. Mpe binti aikariri, tarakimu tatu tu.

Mzee_wa_Kijiweni

Wakili nakusikia. Ila watoto wa siku hizi mmewafanya mayai.

Wakili_Bila_Tai

Mzee yai huwekwa kwa trei, haliachwi barabarani.

ChokaaNaRangi

Mimi nimekuwa kwa hizo kampi kama mtoto, niko na miaka 20 sasa, hebu wazazi mnisikie kidogo.

Kwanza wengi mnaogopa watu wazima na ni sawa, lakini yenye ilinifanya nilie ilikuwa watoto wenzangu. Wale wakubwa wanafanya wageni kama mamono wa form one, unatandikia mtu kitanda, unatoa vitafunio vyako, na kulikuwa na kaboi kalikojoa kitandani kakapigwa video na simu ya mtu. Video ilifika mtaani kabla yeye afike. Alikuwa na miaka 11. Hakurudi kwa sanaa tena na alikuwa anachora kuliko sisi wote. Hakuna mtu mzima alifanya kitu kibaya hiyo usiku, walikuwa tu hawako. Sasa uliza watoto wa 10 na wa 17 wanalala pamoja? Sisi tulichanganywa kwa sababu vitanda havikutosha.

Pili, simu. Wakichukua simu ni sawa hata mimi naunga mkono, hiyo video haingekuwepo. Lakini wakichukua simu na pia wakatae kuwapigia nyumbani "mpaka siku ya shoo ndio wasikumbuke kwao", hapo hapana. Mama yangu tulikubaliana nikisema kwa simu "umelisha paka?" anakuja kunichukua bila maswali. Sisi hatuna paka. Sikuwahi kuitumia lakini nililala vizuri nikijua ninaweza.

Tatu, hii ni ya wenye kampi kama wako hapa. Ile siku ya kwanza walitusimamisha mstari wakatuonyesha dada mmoja wakasema ukiwa na shida ongea na huyu. Sijui mtoto hata mmoja aliongea naye. Sisi tulikuwa tunaambia mpishi. Ndiye alikuwa anatupea ukoko wa ubwabwa na hakuwa na haraka. Mfundisheni mpishi cha kufanya akiambiwa kitu.

MguuNaKiuno

Hii ya mpishi ni kweli tupu. Mpishi wetu alikuwa anajua nani hajala, na mtoto asiyekula siku ya pili ana jambo.

MatroniWaZamu

Nimerudi. Kalamu Kavu ametaja moto na hatujaumaliza, tusipite hapo.

Mama Umoja, ukiweza nenda uone domu na macho yako kabla ya siku. Ukikataliwa kuona umejibiwa. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa 2008 unasema kati ya vitanda kuwe na mita 1.2, milango ifunguke kwenda nje, madirisha yasiwe na vyuma. Kampi wengi hukodi bweni la shule ama la kanisa na wanasema sisi si shule. Moto hausomi leseni. Simama kitandani uhesabu hatua mpaka mlangoni, halafu tafuta mlango wa pili. Angalia kufuli iko upande gani. Kuna watu hufungia watoto kwa nje eti wavulana wasivuke kwa wasichana, halafu mwenye ufunguo amelala mita mia moja. Kyanguli mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Kama unaogopa wavuke, weka mtu mzima macho kwa korido, huyo mtu hula mshahara lakini hazuii mtu kutoka.

Na kwa sababu ni Limuru na ni Agosti: JIKO LA MAKAA LISIINGIE NDANI YA CHUMBA CHA KULALA. Hata kama limewaka vizuri na halina moshi. Ile hewa yake hauioni na haina harufu, watu wanalala na hawaamki. Watoto wakisikia baridi wapewe blanketi ya pili, na hiyo uliza, blanketi ni ngapi. Mwenye pumu inhela akae nayo yeye mwenyewe, isifungiwe kwa ofisi ya nesi. Mwenye sikoseli hiyo baridi kwake si mzaha, waambie kwa maandishi na kwa mdomo pia.

Kalamu_Kavu

Niongeze picha. Kampi hupenda kuposti watoto saa hiyo hiyo na jina la mahali, dunia nzima ijue watoto 60 wako wapi usiku huu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa mambo ya mtoto. Ile tiki ya picha iwe pekee yake, isifichwe ndani ya "nimekubali masharti" pale unapolipa. Na unaweza kukataa picha mtoto akaenda kampi vilevile. Ya shoo waposti baada ya kurudi.

Baba_Wawili

Nauliza kwa nia njema, kampi itakayopita haya maswali yote iko? Ama ni bei ya matajiri wa Karen?

MguuNaKiuno

Baba, nyingi ya haya hayana gharama. Mlango kukaa wazi ni bure. Kuuliza kabla ya kugusa ni bure. Nimeona kampi ya mtaani Eastlands, magodoro chini kwa ukumbi wa kanisa, wamejipanga kuliko ya pesa nyingi. Pesa inanunua waya ya stima.

MamaWaUmoja

Narudi na habari.

Nilipiga tena na daftari. Yule wa kwanza wa kushika simu alinichoka swali la pili, akaniambia mama mbona unauliza kama polisi. Nikaomba mkurugenzi. Huyo mama, lazima niseme ukweli, alinyamaza akasikiza. Ratiba alinitumia. Lisaa la saa 3 mpaka saa 4 halikuwa na jina la mtu. Nilipomwonyesha alikaa kimya kidogo, akasema "kweli, hapo huwa tunaamini tu". Kesho yake ikarudi imejazwa, matroni wawili upande wa wasichana na wanaume wawili upande wa wavulana, majina yameandikwa. Mlango wa masomo ya mtu mmoja wamekubali, wataweka veranda badala ya stoo, kelele itawasumbua wenyewe. Wa kujitolea wanalala kwao. Gudi kondakti wanazo waalimu, lakini mpishi na dereva hawakuwa nazo, wameomba. Duara ya mshumaa walikuwa nayo kwa ratiba, siku ya tatu usiku! Wameitoa. Mshauri nasaha hawana, hapo hakuna jibu zuri, amesema atatafuta mtu wa kuja mara mbili kwa wiki.

Jumamosi nikapanda matatu nikaenda. Domu ni safi, milango miwili, lakini ule wa nyuma ulikuwa umezibwa na rundo la viti na magodoro na komeo liko nje. Nikamwambia mkurugenzi sitatuma pesa mpaka nione picha ya huo mlango uko wazi. Picha ilikuja jioni, na fundi ndani anang'oa komeo.

Nimelipa. Neno letu la siri binti alichagua mwenyewe, silisemi hapa.

Mzee_wa_Kijiweni

Mama wewe ungefaa kuwa inspekta. Mtoto acheze vizuri.

MamaWaUmoja

Siku ya nne. Amepiga na simu ya matroni, dakika sita, tano zote ni za hatua fulani ya mguu ambayo sijaielewa. Neno la siri hakulitaja. Anataka soksi nzito na chapo. Nikamwambia matroni nina kijana wa boda namjua vizuri nimtume kesho, akanijibu sawa mama, lakini aache getini na jina la mtoto juu, ndani haingii hata akisema ni anko. Chapo akakataa kabisa, kuna mtoto chumba chao hawezi ngano. Natuma soksi.